Raiza kwa waya wa SATA: hapana

Usiwashe raiza (kifaa kinachounganisha kadi ya picha na ubao mama kwa waya, kadi ikikaa mbali) kwa SATA, waya wa umeme wa diski, hata kama waya huo wa kugeuzia umeukuta ndani ya boksi. Plagi ya SATA ina pini tatu tu za volti 12, kila moja ampea 1.5: jumla wati 54. Kadi ya picha inaruhusiwa kuvuta hadi ampea 5.5 kupitia sloti inamochomekwa, yaani wati 66 kwenye volti 12 hizo hizo. Iache ichimbe sarafu za kidijitali mchana na usiku, plagi inapata moto, plastiki inageuka kahawia, halafu inayeyuka.

Tumia waya wa PCIe wa pini 6, ule wa umeme wa kadi za picha, unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai. Molex, plagi ya zamani ya pini nne, nayo inafaa, ila waya mmoja kwa raiza moja. Na usiazime waya wa pawa saplai ya kampuni nyingine: plagi itaingia vizuri tu, lakini mpangilio wa pini unaweza kuwa tofauti, ukaunguza kadi.

Wanaosema “mbona yangu inakwenda” mara nyingi wana kadi zinazovuta kidogo kwenye sloti. Kadi za AMD RX 480 za mwanzo, 2016, zilivuka hata kiwango cha sloti chenyewe.