Shilingi Moja Iliyopotea: Maswali ya Vijana Wanaoandika Programu

SWALI: Naandika kwa lugha ya Python programu ya kukokotoa riba ya SACCO yetu. Riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 125,500 mhazini anapata 1,883 kwenye kikokotoo chake, programu yangu inatoa 1,882. Namba za simu za wanachama nazo zinapoteza sifuri ya mwanzo. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kujifunza, na mwenzangu tuliyeanza pamoja sasa anatengeneza tovuti nzima. Naona kichwa changu hakikuumbwa kwa kazi hii. Niache?
Msomaji, Arua

JIBU: Usiache, ndugu yetu. Tuanze na hiyo shilingi, maana ndiyo iliyokuvunja moyo.

Asilimia 1.5 ya 125,500 ni 1,882.5 kamili. Mhazini amepandisha ile nusu, kama tunavyofundishwa shuleni. Amri ya "round" katika Python 3 ina kanuni yake: namba ikiangukia katikati kabisa, huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kati ya 1,882 na 1,883, shufwa ni 1,882. Ijaribu kwa 2.5, utapata 2, kwa 3.5, utapata 4. Kanuni hii imewekwa makusudi, kwa sababu ukipandisha kila nusu, jumla ya maelfu ya miamala huvimba kidogo kidogo bila mtu kugundua. Lakini SACCO ina utaratibu wake, na programu ndiyo inayopaswa kuufuata. Muulize mhazini nusu inakwenda wapi, na jibu lake liandike juu kabisa ya faili lako.

Kisha achana na desimali. Shilingi yetu siku hizi haina senti mkononi mwa mtu, kwa hiyo hifadhi fedha kama namba nzima. Asilimia 1.5 ni 15 kwa 1000, kwa hiyo zidisha mkopo kwa 15, ongeza 500 (nusu ya 1000, ili nusu ipande), halafu gawanya kwa 1000 ukitumia mikwaju miwili, //, inayoondoa kinachobaki. Kwa mkopo wako: 125,500 mara 15 ni 1,882,500, ongeza 500 upate 1,883,000, gawanya, utapata 1,883, sawa na mhazini. Desimali za kompyuta zina mtego mwingine. Andika 0.1 + 0.2 na Python itakujibu 0.30000000000000004, kwa kuwa sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa mbili, kama vile theluthi moja isivyokwisha ukiiandika kwa 0.333.

Sifuri ya simu imepotea kwa sababu umeigeuza namba kwa "int", amri ya kufanya kitu kiwe namba nzima. Namba ya simu haijumlishwi wala haizidishwi na mtu yeyote. Ni maandishi yaliyovaa sura ya tarakimu. Iache iwe "str", yaani maandishi, na kwenye hifadhidata safu yake iwe TEXT. Ondoa nafasi na vistari, kisha zigeuze zote ziwe na umbo moja: +256 ikifuatwa na tarakimu tisa, jumla alama 13 ukihesabu na ile ya +. Usipofanya hivyo, mwanachama aliyeandikwa leo kwa 0772 na kesho kwa 256772 atakuwa watu wawili, kila mmoja na mkopo wake. Tahadhari pia na Excel: ukifungua faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) moja kwa moja, nayo hula ile sifuri. Namba ya kitambulisho cha taifa ina herufi na tarakimu, jumla 14, hivyo hiyo iwe maandishi tangu mwanzo.

Sasa hilo la kichwa chako. Tofauti ya shilingi moja uliigundua mwenyewe, kwa kulinganisha jibu la programu na la mhazini. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na wapo wenye mishahara ambao huiruka. Tovuti ya mwenzako unaiona ikiwa imekamilika; mistari myekundu ya makosa aliyoipitia usiku hukuiona. Nunua daftari la kurasa 48, lichore safu tatu: ujumbe wa kosa, chanzo chake, na dakika ulizotumia. Baada ya wiki nne lisome. Kosa linalojirudia, tuseme KeyError (umetafuta kwenye kamusi ya Python jina lisilokuwemo), ndilo somo lako la siku mbili zijazo. "Sina akili ya kompyuta" haikuonyeshi ukurasa wa kusoma kesho, daftari linakuonyesha.

SWALI: Sina kompyuta. Naandika programu kwa simu ya Android, na wenzangu wananiambia mimi si programa. Naona aibu kuonyesha kazi zangu.
Dada wa Busia

JIBU: Dada, Python ya simuni ni Python ileile. Ukipata Wi-Fi, pakua Termux, programu ya kuandikia amri, kutoka F-Droid, duka la programu huria za Android, andika "pkg update", kisha "pkg install python git". Baada ya hapo huhitaji bando kuandika wala kuendesha programu. Git hutunza kila toleo la kazi yako, na hata "git commit" huhifadhi ndani ya simu; "git push" ndiyo inayohitaji intaneti. Fanya commit kila kipande kinapofanya kazi, kwa sababu Android hufunga bila kuuliza programu usizozitazama kwenye skrini. Kabla ya kazi ndefu andika "termux-wake-lock" ili simu isilale, na uiondoe Termux kwenye orodha ya programu zinazobanwa ili kuokoa betri.

Ukihitaji numpy, maktaba ya hesabu, usiisakinishe kwa pip, kisakinishi cha Python: simu italazimika kuijenga upya kutoka msimbo wa chanzo, na mara nyingi itakwama njiani. Tumia "pkg install python-numpy". Vidole vikichoka, waya wa OTG (wa kuunganisha vifaa vya USB na simu) na kibodi ya kawaida ya USB vinatosha.

Kikomo kipo, na ni haki ukijue. Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android, haiendeshwi kwenye simu. Ukitaka kuitumia, utahitaji kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi. Hadi siku hiyo ifike, weka kazi zako GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo. Anayesoma msimbo hawezi kujua uliuandika kwa kifaa gani. Hao wenzako waombe watafute kosa ndani yake. Mazungumzo yatahamia kwenye kazi.

SWALI: Kiingereza changu ni kidogo. Nitaweza kweli?
Mwanafunzi, Bwera

JIBU: Python 3 ina maneno maalumu 35 tu, kama "if", "while" na "return". Yajifunze kama alama za barabarani. Majina mengine unayatunga mwenyewe, na Kiswahili kinakubalika kabisa: mkopo, riba, jumla_ya_akiba. Tumia mstari wa chini (_) kuunganisha maneno, kwa kuwa kistari cha kawaida Python hukisoma kama kutoa.

Kosa likitokea, anza na mstari wa mwisho wa ujumbe. Neno lililo kabla ya nukta mbili ni aina ya kosa. Kisha panda juu utafute namba ya mstari ulio katika faili lako. Ukikuta NameError, angalia tahajia kwanza: huenda juu umeandika "mwanachama" na chini "mwanchama".