Imeongezeka kwa 9 au hadi 9?

SWALI: Jioni humsaidia mwanangu hesabu za grafu, kwa Kiswahili. Mstari wetu unapita kwenye nukta (2, 3) na (5, 9). Yeye husema y "imeongezeka na 9", mimi nasema "imeongezeka hadi 9". Nani yuko sahihi? Mzazi, Umoja, Nairobi.

JIBU: Ni wewe, mzazi. "Hadi" hutaja pale kitu kilipofikia. "Kwa" hutaja kiasi kilichozidi. Bei mpya za mafuta zinapotangazwa tarehe 14, petroli ikitoka, tuseme, shilingi 180 ikafika 185, imepanda kwa shilingi 5, au imepanda hadi shilingi 185. "Imepanda na shilingi 5" tunaisikia kila siku kwenye matatu, lakini katika daftari la hesabu mwambie aandike "kwa".

Kwenye grafu, neno hilo dogo hubadilisha jibu. Thamani ya y imetoka 3 hadi 9, kwa hiyo imeongezeka kwa 6. Ya x imetoka 2 hadi 5, imeongezeka kwa 3. Mwinamo wa mstari ni badiliko la y likigawanywa kwa badiliko la x: 6 kwa 3, jibu 2. Anayeshika 9 kana kwamba ndilo badiliko ataigawanya kwa 5, apate 1.8.

Kosa hili hujificha vizuri sana. Mstari ukipita pale mihimili inapokutana, mathalani kwenye (2, 4) na (5, 10), atagawanya 10 kwa 5 apate 2, na njia sahihi, 6 kwa 3, nayo inatoa 2! Akipata vema mara kadhaa namna hiyo, ataiamini njia yake yenye kosa. Mpe mistari isiyopita hapo.

Mstari ukishuka, kutoka (1, 8) hadi (4, 2), sema y "imepungua kwa 6" au "badiliko la y ni hasi 6". Mwinamo ni hasi 2. Usiseme "imepungua kwa hasi 6", maana huko ni kuongezeka.

Na mkihesabu miraba badala ya kusoma namba za mihimili, tajeni kipimo kwanza. Mraba mmoja wa wima ukiwakilisha 5, mstari uliopanda miraba 3 umeongezeka kwa 15, si kwa 3.