Kubaki Ulaya wawili baada ya kikundi kurudi: viza, tiketi, treni na hela

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: wewe na shemeji mnakwenda hija ya Roma na Assisi na kikundi cha parokia, siku nane. Kikundi kikirudi Dar, ninyi mnataka mbaki kama wiki mbili mzunguke wenyewe kwa treni: Firenze, Venezia, Vienna, Munich. Unauliza kama inaruhusiwa, kama mnunue ile pasi ya treni ya Ulaya nzima, na kipi cha kulipia kabla ya kuondoka.

Inaruhusiwa kabisa. Ila kazi kubwa mnaifanya hapa nyumbani, na inaanza siku ya kupeleka maombi ya viza. Anayedhani siku za nyongeza atazipanga akishafika Roma, hizo siku hana.

Wakala hupeleka maombi ya kikundi kizima kwa ratiba moja, hoteli zilezile, tarehe zilezile. Ubalozi ukiona ratiba ya siku nane, utatoa viza ya siku nane au ziada kidogo. Mkishapata stika ya viza kwenye pasipoti, someni sehemu tatu. Kuna tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Kuna idadi ya siku za kukaa, na hapa ndipo watu wanaponzwa: stika inaweza kuonyesha kuanzia tarehe 5 hadi 30, halafu sehemu ya siku imeandikwa 10. Maana yake mna siku 10 tu ndani ya kipindi hicho. Zinazobaki ni nafasi ya kuwahi au kuchelewa kuanza safari. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka nayo inahesabiwa, hata kama ndege imetua saa tano usiku. Tatu, kuna idadi ya kuingia: 01 ni mara moja, 02 mara mbili, MULT mara nyingi.

Kwa hiyo mwambieni wakala mapema kwamba ninyi wawili mnaomba siku zenu zote, tuseme 22. Kila mmoja ana fomu yake, lakini maombi yaende pamoja yakiwa na cheti cha ndoa, barua inayoeleza siku za kikundi na siku zenu, na hoteli za usiku wote bila pengo. Hoteli za siku zenu chagueni zile za kughairi bure, msije mkapoteza hela viza ikigoma. Taarifa ya benki itoshe siku zote 22. Barua ya mwajiri iseme unarudi kazini baada ya tarehe yenu ya kurudi, si ya kikundi. Hii inasahaulika sana: barua inasema kazini tarehe 14, ratiba inasema tarehe 20 uko Vienna, na afisa ana haki ya kutilia shaka faili zima.

Bima nayo. Sharti la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni angalau euro 30,000 za matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, katika nchi zote za Schengen, kwa siku zote. Bima ya kikundi huisha siku kikundi kinapoondoka, hivyo kateni yenu. Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na kituo cha kupokea maombi kina malipo yake juu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipelekwe chini ya siku 15. Majibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini yanaweza kuvutwa hadi 45. Pelekeni angalau miezi miwili kabla.

Ubalozi wa kuomba ni wa nchi mtakayokaa siku nyingi kuliko nyingine. Kwenu, siku nane za hija ukijumlisha Firenze na Venezia, Italia inabaki mbele. Lakini mkiziongeza siku za Ujerumani hadi zipite za Italia, hapo si Italia tena ya kuomba, na wakala wenu hatawasaidia.

Msitegemee kuongeza viza mkiwa kule. Huongezwa kwa dharura kama kulazwa hospitali au sababu nzito ya kibinadamu, si kwa utalii. Na tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Schengen imeanza kwa awamu mfumo wa kuchukua picha na alama za vidole mpakani. Kompyuta inahesabu siku yenyewe, na siku moja ya kuzidisha inaonekana. Kama mna 01, msidanganywe na tiketi rahisi ya kwenda London. Uingereza na Ireland hazimo Schengen, zinataka viza zao, na mkitoka mmetoka. Serbia, Bosnia na Albania nazo ni nje. Uswisi imo, Kroatia imo tangu 2023.

Sasa tiketi ya ndege. Kikundi hununuliwa viti kwa mkataba mmoja, na bei hiyo mara nyingi hairuhusu mtu mmoja kubadili tarehe ya kurudi. Mkimwambia wakala mapema, anaweza kuwatolea tiketi yenu pembeni, ndege ileile ya kwenda na tarehe yenu ya kurudi. Akishazilipia za kikundi, mlango huo umefungwa. Wengine husema "tutaiacha ile ya kurudi, tutanunua nyingine tukiwa huko". Gharama inakuwa mara mbili, na afisa wa mpakani akiomba tiketi ya kurudi mnaonyesha isiyolingana na mpango wenu. Kuna waandaaji wanaodai pia dhamana ya kurudi na kikundi. Kama wenu ni hao, wawape barua kwamba wanajua mnabaki.

Kizuri zaidi ni tiketi moja inayoingilia Roma na kutokea mji mwingine. Ethiopian inakwenda Roma, Vienna na Frankfurt, zote kupitia Addis Ababa. Tokeeni Vienna. Lakini angalieni kwanza siku zinazoruka kutoka huko, ndipo mpange tarehe nyingine zote kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Hapo ndipo ninapowashauri mgeuze mpangilio wenu: Firenze usiku 3, Venezia 2, Munich 4, kisha Vienna siku zilizobaki hadi ndege. Mkienda Vienna kwanza halafu Munich, mtalazimika kurudi nyuma au kutokea Frankfurt, saa tatu na zaidi za treni siku ileile ya ndege. Na msiongeze mji wa tano. Kila kuhama kunakula karibu nusu siku: kufunga mizigo, kutoka hotelini saa nne au tano asubuhi wakati chumba kipya ni saa tisa alasiri, na hapo katikati mabegi yako mkononi. Hoteli karibu zote zitawahifadhia mabegi mkiomba.

Treni. Kwa safari nne, ile pasi achaneni nayo. Ipo ya aina mbili: Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, ninyi mngenunua Eurail. Tatizo ni kwamba treni za kasi za Italia zinadai malipo ya kiti juu ya pasi, kila safari, kila mtu. Pasi ina maana kwa anayehama kila siku mbili au asiyetaka kupanga. Ninyi mna tarehe, nunueni tiketi moja moja mapema. Bei ya chini hutoka wiki au miezi kabla na huisha, na kwa kawaida hairudishwi.

Roma Termini hadi Firenze Santa Maria Novella ni kama saa moja na nusu. Firenze hadi Venezia ni kama saa mbili na robo. Kuna kampuni mbili kwenye reli hiyohiyo, Trenitalia na Italo, na tiketi ya moja haipandishi treni ya nyingine hata kama zinakwenda mji mmoja, jukwaa la jirani. Kiti kimo ndani ya bei. Venezia hadi Munich, kupitia Verona na pito la milimani la Brenner, ni karibu saa saba. Chagueni ya mchana mwone milima. Munich hadi Vienna ni saa nne. Hizi mbili zinauzwa na kampuni za reli, ÖBB ya Austria na DB ya Ujerumani. Huko mara nyingi tiketi si kiti. Unaweza kuwa na tiketi halali na ukasimama hadi Salzburg. Lipeni euro chache za kuweka viti.

Stesheni nyingi za Italia, Austria na Ujerumani hubandika karatasi mbili za ratiba: ya njano ni treni zinazoondoka, nyeupe ni zinazofika. Mgeni husoma nyeupe, akaona jina la mji wake na saa, akakimbilia jukwaa lisilo lake. Tena treni haiandikwi kwa mji wenu, huandikwa kwa mwisho wake. Tafuteni namba ya treni iliyo kwenye tiketi. Italia namba ya jukwaa huweza kutokea kwenye ubao dakika chache tu kabla, hivyo kaeni macho juu. Namba ya behewa ipo mlangoni mwa kila behewa. Ingieni behewa lenu tangu mwanzo: kuna treni zinazoungana mbili, moja inakwenda kwenu na nyingine inakatwa njiani.

Mkipanda treni ndogo za mikoa Italia kwa tiketi ya karatasi, igongeni kwenye mashine iliyo jukwaani kabla ya kupanda. Isiyogongwa ni kama hamna tiketi, na faini inalipwa papo hapo. Ya simu nayo inataka kuthibitishwa kabla ya kupanda.

Venezia kuna stesheni mbili. Mestre ni bara, Santa Lucia ni kisiwani, dakika kumi kati yao. Hoteli za Mestre ni nafuu na kwa usiku mbili zinafaa. Mkilala kisiwani, ulizeni kuna madaraja mangapi kutoka stesheni hadi hotelini. Kila daraja lina ngazi, na boti ya abiria ni euro 9.50 kwa mtu kwa dakika 75. Baadhi ya siku za msimu mji unatoza ada wageni wa kutwa. Wanaolala Venezia au Mestre wamesamehewa, lakini jisajilini mtandaoni mpate msimbo wa msamaha.

Kutoka Munich nendeni Salzburg kwa Bayern-Ticket. Ni tiketi ya siku ya treni za mikoa, mtu wa pili huongezwa kwa bei ndogo, na inafika hadi Salzburg ingawa ni Austria. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi. Majina yenu yaandikwe juu yake. Bebeni pasipoti halisi, kwa sababu polisi wa Ujerumani hukagua kwenye mpaka huo. Usiseme "ni Schengen, hakuna mpaka".

Treni ikichelewa saa moja hadi karibu mbili, sheria ya Umoja wa Ulaya inawapa robo ya nauli. Saa mbili na kuendelea, nusu. Mnadai kwa kampuni iliyowauzia, mkiwa na tiketi.

Ninyi ni wawili, na tiketi zote zikikaa kwenye simu moja, simu hiyo ikiibiwa au kuzima mmekwama wote. Kila tiketi iwe kwenye simu zote mbili na nakala ya karatasi. Kadi za benki mbili tofauti, kila mmoja na yake. Na kubalianeni kabisa: mlango wa treni ukifunga mmoja akabaki nje, aliye ndani anashuka kituo kinachofuata na kusubiri jukwaani hapohapo, asirudi.

Kuhusu kadi, nendeni tawini zifunguliwe kwa matumizi ya nje na mtandaoni, muulize na kiwango cha siku. Benki hutuma namba ya kuthibitisha kwa SMS kwenye laini ya nyumbani, kwa hiyo washeni romingi kabla ya kuondoka, data mzime, SMS ibaki. Asiyefanya hivi anakwama kununua tiketi akiwa na hela zake. ATM ikiuliza ikate kwa euro au kwa fedha ya kwenu, chagueni euro. Hiyo nyingine ni bei yao na ni mbaya. Euro taslimu ziwe za 20 na 50, noti ya 200 dukani hukataliwa. Shilingi hakuna wa kuzibadili. Kodi ya mgeni ya kila usiku mara nyingi hudaiwa hotelini, nje ya bei mliyolipa.

Laini ya simu ya Italia itafanya kazi Austria na Ujerumani bila gharama mpya; Uswisi msiitegemee. Chaja zetu za pini tatu haziingii kule, nunueni adapta ya pini mbili za mviringo Kariakoo, umeme ni uleule.

Begi moja la kubeba kwa mkono mmoja kwa kila mtu. Rozari na sanamu za hija mpeni mwanakikundi mnayemwamini kama kilo zake zinabaki, na afungue aone kila kilichomo. Mkiwa bado Roma, basi namba 64 na metro ya laini A ndiko wezi wa mifukoni walipo, mkoba mbele.

Jumapili Munich na Vienna maduka hufungwa, isipokuwa ya stesheni kubwa. Nunueni chakula Jumamosi.

Siku ya kuondoka Vienna, kama mlinunua kitu cha zaidi ya euro 70 duka moja Italia mkapewa fomu ya kurudishiwa kodi, muhuri wa forodha unagongwa uwanja wa mwisho wa Umoja wa Ulaya, yaani Vienna, si Roma. Mwone afisa wa forodha bidhaa zikiwa bado mikononi mwenu, kabla begi halijaingia ndani, maana anaweza kutaka kuziona. Fikeni uwanjani saa tatu na nusu kabla ya ndege kuruka.