Tafuta Neno "Pia" Kwenye Wasifu Wako

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, mwaka huu nimeitwa kwenye usaili mara 4, na mara zote 4 nimerudi mikono mitupu. Naomba uniangalizie wasifu wangu." Akaambatanisha kurasa mbili. Niliufungua kwa haraka, nikitarajia makosa niliyozoea kuyaona: tarehe zinazogongana, orodha ndefu ya semina, herufi za aina tano kwenye ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza ilisema hivi: "Nilianza kazi mwaka 2009 kama mtunza ghala."

Niliacha kusoma, nikaenda kusimama dirishani. Sentensi ile niliifahamu vizuri mno. Ukiondoa mwaka na jina la kazi, ilikuwa yangu.

Leo nina jambo moja la kukuambia, ndugu yangu. Yale maelezo unayoyatoa mtu akisema "hebu tueleze kidogo kuhusu wewe" yana umri wake, na umri huo ni mfupi kuliko unavyodhani. Yaandike upya kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata kama hutafuti kazi. Hasa kama hutafuti kazi. Nami sikulipata hili darasani. Liliniuma kwanza, nikalielewa baadaye.

Kwa miaka mingi nilikuwa msanifu kurasa wa gazeti. Nilianza na PageMaker, programu ambayo toleo lake la mwisho, la 7, lilitoka 2001. Sisi tuliendelea kuitumia miaka kadhaa baada ya hapo kwa sababu kompyuta zetu hazikuweza kubeba kitu kizito zaidi. Usiku mmoja wa 2005 kurasa zote zilikuwa zimekwisha, tunasubiri ule wa kwanza uende kwenye pleti, bamba la kuchapia, twende nyumbani. Saa 5 kasoro ikaingia habari kubwa. Mhariri wa zamu akasema ukurasa wote ubomolewe. Tulikuwa na dakika 40 kabla mtambo haujaanza kuchapa.

Nikabomoa, nikapanga upya. Nilikuwa nimebakiza maelezo ya picha tu pale kompyuta ilipoganda. Ilipowaka tena, faili ikakataa kufunguka. Kilichosalia ni karatasi moja ya prufu, iliyotoka kwenye printa dakika chache kabla, imejaa masahihisho ya kalamu nyekundu pembeni. Mwenzangu akaishika chini ya taa, akawa ananisomea kwa sauti, aya kwa aya, anataja mpaka "mkato" na "nukta", nami nachapa bila kutazama vidole. Ukurasa ukaenda. Gazeti likatoka kwa wakati. Najivunia usiku ule mpaka leo.

Kisa hicho kilinilipa. Nilikisimulia 2007 nikapandishwa cheo. Nilikisimulia tena 2010 nikapata kazi nzuri zaidi. Wasikilizaji walikuwa wanasogeza viti mbele. Basi nikaamini kwamba nimepata hadithi yangu ya maisha, nikaacha kutafuta nyingine.

Mwaka 2016 ikatangazwa nafasi ya mkuu wa usanifu, wa gazeti na wa tovuti pamoja. Niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka kazini. Jopo lilikuwa la watu watatu. Wakaniambia nijieleze, nikaanza: PageMaker, habari kubwa, dakika 40, kalamu nyekundu. Mzee wa katikati alitabasamu. Dada mmoja kijana aliyekaa mwisho wa meza hakuigusa kalamu yake, ilikuwa imelala juu ya karatasi nyeupe tangu nilipoketi. Nilipomaliza akaniuliza kwa upole kabisa: "Hiyo ilikuwa mwaka gani?"

"2005."

"Asante. Na tangu hapo?"

Nikajibu: "Tangu hapo nimeendelea na kazi."

Maneno matano. Miaka 11 ya jasho langu nikaifunga kwenye maneno matano, kwa sababu sikuwa nimewahi kuyatafuta mengine. Nafasi ile akapewa kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kupanga safu. Alikuja mezani kwangu kuniambia kabla sijalisikia kwa wengine, akasimama, akakosa pa kuweka mikono yake. Nilimpongeza. Ninapoandika haya bado kifua kinanibana, na sioni sababu ya kukuficha.

Kilichoniumiza zaidi nilikijua miezi kadhaa baadaye, aliponieleza alivyojibu swali lilelile. Mwaka 2007 ilitoka iPhone ya kwanza, na kwa miaka iliyofuata wasomaji wetu walihamia kwenye simu kidogo kidogo, kisha kwa kishindo. Mimi ndiye niliyeongoza kazi ya kuamua habari iliyozoea safu 6 itasomwaje kwenye skrini inayoenea kiganjani: kichwa cha habari kikatike wapi, picha ikae juu au katikati, jedwali lifanywe nini. Yeye alikuwa msaidizi wangu. Mbele ya jopo aliisimulia kazi hiyo. Hakudai kuwa kiongozi, hakuongeza chumvi, alieleza sehemu yake tu. Kwake ilikuwa ndiyo kazi kubwa aliyowahi kuifanya, kwa hiyo ilikuwa mdomoni. Mimi nilikuwa nayo nzima, pamoja na kuhamisha kurasa zetu zote kutoka PageMaker kwenda InDesign, programu iliyochukua nafasi yake, pamoja na vijana 6 niliowafundisha, na yote nikayaacha mfukoni ili nisimulie kompyuta iliyoganda.

Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu nililolipata ni kwamba hadithi mbaya huachwa mapema, hadithi nzuri ndiyo inayotukwamisha. Kila inaposifiwa unaisogeza karibu zaidi na moyo, mwisho inakuwa kama jina lako.

Tena yenyewe haitulii. Yule mwenzangu aliyenisomea prufu alinisikia siku moja nikiisimulia, akaniambia pembeni: "Mbona sasa umefika dakika 20? Zilikuwa 40." Nikabisha. Tukahesabu pamoja, akawa sahihi. Nilikuwa nimeipunguza nusu bila kujua. Huko Cambridge mwanasaikolojia Frederic Bartlett alilionyesha jambo hili 1932: aliwapa Waingereza ngano ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, akawataka waisimulie tena na tena, na kila walivyorudia ilizidi kufupika na kufanana na mambo waliyoyazoea wao, hata mitumbwi ikageuka mashua za kawaida. Kwa hiyo usiniambie kwamba wewe hadithi yako huibadilishi. Unaibadilisha. Tofauti ni kwamba inabadilika gizani, kuelekea kule inakopendeza, wakati ungeweza kuibadilisha mchana, kuelekea kule unakokwenda.

Mfano ninaoupenda ni wa Leonardo da Vinci. Mwaka 1472 alikuwa tayari kwenye chama cha wachoraji cha Florence. Miaka kama 10 baadaye, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alitaka kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Rasimu ya barua yake imehifadhiwa. Anaanza na madaraja mepesi ya kubebeka vitani, anaendelea na kukausha mahandaki ya maji kwenye ngome iliyozingirwa, mizinga, magari ya vita yaliyofunikwa, hoja baada ya hoja. Uchongaji na uchoraji anautaja mwishoni kabisa, kama mtu anayeongeza "pia". Hakuwa ameusahau uchoraji wake. Alimwandikia mtawala mwenye maadui, akatanguliza kile ambacho mtawala huyo alikihitaji.

Hapo nina pingamizi moja, maana mengi ya yale alikuwa bado hajayatengeneza, na mimi sikushauri uahidi usichokifanya. Ukweli wako unatosha, ukiupanga. Angalia lakini alipoishia. Mwaka 1516 alikwenda Ufaransa kwa Mfalme Francis I, na cheo alichopewa kilianza na mchoraji wa kwanza wa mfalme, kisha mhandisi, kisha msanifu majengo. Kilichokuwa mkiani 1482 kilikuwa kichwani 1516. Mtu ni yuleyule.

Sasa turudi kwa kaka yetu wa ghala. Niliporudi kutoka dirishani nilisoma kurasa zote mbili taratibu. Aya sita zilieleza ghala: kupokea mzigo, kuhesabu, kufunga daftari, kutunza funguo. Chini kabisa ya ukurasa wa pili, baada ya lugha anazozungumza, kulikuwa na mstari huu: "Pia nasaidia kuandaa oda." Nikamwandikia nimuulize maana yake. Akajibu kwa ujumbe mrefu. Kumbe kwa miaka 6 yeye ndiye anayeamua nini kiagizwe, kiasi gani, lini, na kwa muuzaji yupi. Bosi anatia sahihi tu. Ni yeye aliyegundua kwamba bidhaa fulani ziliagizwa kwa mazoea huku zikiharibika rafuni, akasimamisha. Ni yeye anayepigiwa simu muuzaji akichelewesha. Huyu si mtunza ghala tena kwa miaka 6, ni ofisa manunuzi, na amekwenda usaili mara 4 wa kazi ya manunuzi akijieleza kama mtunza ghala mwenye ndoto.

Ndipo nilipokiona kitu ambacho nilikuwa sijakisema waziwazi hapa: nenda kwenye wasifu wako sasa hivi utafute neno "pia". Kinachofuata neno hilo, mara nyingi mno, ndiyo kazi yako ya leo. Kilichotangulia ni kazi yako ya zamani, inayokaa mbele kwa sababu ilifika kwanza.

Mimi nina utaratibu wangu. Kila baada ya miaka miwili, Jumamosi ya kwanza ya Januari, nafungua faili jipya tupu. Sifungui la zamani nikaanza kurekebisha, kwa sababu ukirekebisha utahurumia kila sentensi. Kwanza napitia barua pepe na jumbe za mwaka uliopita, naangalia watu walinijia kuomba nini. Hawakuombi kile ulichosomea, wanakuomba kile wanachokuona unakiweza. Kisha naandika jibu la "na tangu hapo?" Naanza na sasa, narudi nyuma kwa yale tu yanayoeleza sasa. Halafu naondoa kitu kimoja ninachokipenda. Kimoja kila mara, na lazima kiume kidogo. Usiku wa 2005 niliuondoa Januari 2017, nikalia, usinicheke. Mwisho naisema kwa sauti, dakika mbili, kwa mtu ambaye hakunijua zamani, kwa sababu wanaonijua watanijazia mapengo.

Halafu badilisha kila mahali siku hiyohiyo: wasifu, LinkedIn, ile mistari chini ya barua pepe zako. Nimeona watu wenye hadithi mpya mdomoni na ya miaka 8 iliyopita mtandaoni, na msaili anasoma ile ya mtandaoni kabla hujafungua mlango.

Najua utaniambia huna muda. Utaniambia kazi yako inaonekana, na wanaojua wanajua. Ndugu yangu, hakuna anayejua. Bosi wako anakumbuka siku aliyokuajiri, wenzako wanakumbuka kosa lako la mwisho, na mtu wa jopo anakumbuka dakika mbili ulizompa. Hakuna aliyepewa kazi ya kukufuatilia kwa miaka 11 akiandika ulichofanya. Kazi hiyo ni yako. Ukiiacha, atakuja mtu mwingine mwenye nusu ya ulichonacho, aliyekiweka mdomoni, na atastahili kuchukua nafasi ile. Alistahili, wangu yule. Imenichukua miaka kuweza kuiandika sentensi hiyo.

Nilimrudishia kaka yetu wasifu wake bila kuusahihisha. Nilimwambia auanze upya kutoka kwenye ule mstari wa mwisho. Jana usiku ameniletea rasimu ya tatu. Inaanza: "Kwa miaka 6 nimekuwa nikisimamia oda zote za kampuni." Neno mtunza ghala limo bado, aya ya tatu, mahali pake. Usaili wa tano ni Alhamisi.

Baada ya kumjibu nilifungua wa kwangu, ule wa Januari mwaka jana, nikatafuta neno lile. Lilikuwepo, ukurasa wa pili, mstari wa tatu kutoka mwisho: "Pia huwasaidia watu kujiandaa kwa usaili." Nimeukata, nimeupandisha juu kabisa. Sijui bado kitakachofuata chini yake.