Wasomaji Wanauliza: Kamera ndogo ya video ya kuzamia nayo

SWALI: Nimemaliza kozi ya Open Water, ile ya wazamiaji wanaoanza, mwaka huu na mara nyingi nazamia Mnemba. Nina shilingi milioni moja na nusu. Dukani wananionyesha GoPro, DJI na Olympus, na kila moja naambiwa "hii haiingii maji". Nichukue ipi? (Msomaji, Nungwi)

JIBU: Muulize muuzaji haiingii maji mpaka mita ngapi. Cheti chako kinakufikisha mita 18. GoPro HERO12 bila kava la kuzuia maji mwisho wake ni mita 10. TG-7 ya OM System, kampuni iliyorithi kamera za Olympus, ni mita 15. DJI Osmo Action 4 ni mita 18, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya kwamba kava si lazima. Kina chako cha mwisho kikiwa ndicho kina cha mwisho cha kamera, hubaki na akiba hata ya mita moja, na kwenye mwamba uliosimama wima unaweza kushuka mita mbili bila kujua, huku unamwangalia kasa.

Basi bei ya kava iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Kava la HERO12 na la Action 4 yote hufika mita 60. La TG-7, liitwalo PT-059, hufika mita 45 na huingia TG-6, toleo lililotangulia, pia, ila kamera hiyo mpya pamoja na kava lake itavuka bajeti yako.

Kwa fedha uliyo nayo, chukua Action 4, au GoPro ya toleo la nyuma kidogo. HERO9 hadi HERO12 zinavaa kava la aina moja na kutumia betri za umbo moja, kwa hiyo vipuri havisumbui. Kitakachobaki kinunulie taa. Kamera ya kawaida yenye taa nzuri huishinda kamera ghali isiyo na taa, na hilo hutalisikia dukani.

Kuna jambo moja linaloweza kukufanya usubiri hadi uimudu TG. Kama unapenda vidogo, yaani kamba wa kwenye matumbawe au konokono wa baharini wasio na gamba, GoPro na Action zitakukera. Lenzi zao hazisogei kutafuta shabaha, na kitu kikikaribia chini ya sentimita 30 au 40 huonekana na ukungu. TG hupiga hata kwa sentimita moja.

Ukinunua iliyotumika, fungua mlango wa betri uangalie mpira wake na bawaba. Kamera nyingi zilizokufa, maji yaliingilia hapo. Kadi ya kuhifadhia video iwe na alama ya V30, yaani alama ya kasi ya kuandika. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, dakika moja hula takriban MB 750, hivyo GB 64 zinatosha mizamo miwili kwa mtu asiyerekodi mfululizo. Chagua mipangilio ukiwa bado botini, kwa sababu chini ya maji skrini haisikii kidole. Utabaki na vitufe tu.

SWALI: Video zangu za Diani zote ni bluu, hata samaki mwekundu anatoka wa kijivu. Ninunue filta nyekundu au taa? (Msomaji, Ukunda)

JIBU: Maji hula rangi nyekundu kwanza, na ndani ya mita tano hivi sehemu kubwa imeshakwenda. Umbali unaohesabiwa ni safari nzima ya mwanga, kutoka juu hadi kwa samaki na kutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi. Ndiyo maana samaki aliye mita nne mbele yako ni bluu hata ukiwa kina kifupi. Dawa ya kwanza ni ya bure: sogea karibu.

Filta nyekundu, kifuniko cha rangi kinachovikwa lenzi, hufaa jua likiwa kali, kati ya mita 5 na 20. Chini ya hapo hakuna wekundu wa kuokoa, na filta inabaki kukupunguzia mwanga. Ukiwasha taa, ivue filta, la sivyo kila kitu kitageuka chekundu.

Taa uangalie upana wa mwale kabla ya lumeni, yaani wingi wa mwanga. Tochi ya kawaida ya mzamiaji ina mwale mwembamba, hivyo katikati pataungua weupe na pembeni pabaki giza. Tafuta ya video, yenye mwale wa nyuzi 100 au zaidi. Lumeni 1000 zinatosha kwa kitu kilicho ndani ya mita moja; ukitaka zaidi kidogo, 2000 hadi 2500. Ifunge kwenye mkono wa pembeni, usiiweke juu ya lenzi, maana vumbi la majini litawaka kama theluji. Msimu wa masika, mito ikishusha tope, taa yoyote itapata shida.

SWALI: Kava langu hujaa ukungu dakika ya kumi, na juzi nimekuta matone ndani. Mpira umekufa? (Msomaji, Mafia)

JIBU: Hayo ni mambo mawili. Ukungu ni unyevu uliofungia wewe mwenyewe: kamera inapata moto, kioo kinapozwa na bahari, mvuke unatanda kwenye kioo. Funga kava asubuhi kwenye chumba kikavu, chenye kiyoyozi kama kipo, na usilifungue botini. Tia kijikaratasi cha kufyonza unyevu, kisiguse mpira.

Matone mara nyingi ni unywele, chembe ya mchanga au hicho kijikaratasi kilichobanwa ukingoni. Kava huvuja zaidi mita chache za mwanzo, kabla shinikizo halijaukandamiza mpira. Utoe bila kutumia chuma, uusuuze kwa maji yasiyo na chumvi, upitishe kidole taratibu ukitafuta mkwaruzo. Soma kijitabu pia: kuna mipira inayoachwa mikavu, na ule wa PT-059 hupakwa grisi ya silikoni ya kampuni hiyo, kiasi cha kung'aa tu. Grisi nyingi hukamata mchanga.

Kisha zamia na kava tupu lenye tishu ndani. Kila ukitoka baharini, liloweke kwenye maji yasiyo na chumvi nusu saa, ukibonyeza vitufe ili chumvi itoke. Siku maji yakiingia ukiwa chini, panda kwa mwendo wako uleule, usizidi mita 9 kwa dakika, na ukifika botini zima kamera utoe betri kwanza.