Nimepandisha mishahara, mbona kazi iko vile vile?

SWALI: Assalaam alaykum shangazi. Mie nina kihoteli cha vyumba 12 huku Jambiani, wafanyakazi 15 pamoja na walinzi. Mwezi wa saba nimewapandishia mshahara wote, na hakuna alieniomba, nimefanya mwenyewe tu kwa kuwa msimu ulikuwa mzuri. Wiki mbili tatu hivi wakachangamka, kisha yale yale, mgeni anaita mpaka ananyanyuka mwenyewe kufata maji, balbu ya chumba imeungua siku tatu hakuna anaesema, wakimuona meneja ndo wanashika fagio. Nimefunga kamera jikoni na ukumbini naona ndo wamezidi kununa. Tipu wanapata, kuna boksi pale mapokezi na meneja ndie anaegawa mwisho wa mwezi. Sasa nawaza niweke bonasi, kila mhudumu atakaetajwa jina na mgeni kwenye rivyuu za mtandaoni nimpe elfu kumi. Au ndo vijana wa siku hizi hawataki kazi?
Baba Nassra, Jambiani

JIBU: Waalaykum salaam Baba Nassra. Hilo la vijana hawataki kazi liweke kando, maana hao hao ukiwakuta alasiri wanacheza mpira pwani maji yakitoka wanakimbia mpaka magharibi na kugombana na refa juu, na hakuna anaewalipa. Nguvu wanazo, suala ni kwanini kwako hawazitoi.

Mshahara umefanya vizuri kupandisha na wala usijute. Ila pesa kazi yake kubwa ni kuondoa manung'uniko, hamu ya kazi inatoka kwengine. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, yeye na wenzake waliwahoji mainjinia na wahasibu kama 200 wa Pittsburgh, utafiti ukatoka 1959, wakawauliza lini ulijisikia vizuri sana kazini na lini vibaya sana. Majibu yakaenda njia mbili. Waliokereka walitaja sana taratibu za kampuni, msimamizi, mshahara, hali ya pahala pa kazi, na waliofurahi wakataja jambo walilolifanikisha wenyewe, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana. Wapo waliompinga wakasema mtu jambo likenda vizuri hujisifu, likiharibika humlaumu bosi, na kweli tabia hiyo tunayo sote, lakini nikisoma barua yako namuona Herzberg kila mstari.

Na nyie waajiri wengine msije mkayachukua maneno haya kuwanyima watu pesa, maana najua mtayapenda. Henry Ford Januari 1914 alitangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya ilivokuwa, kwa sababu watu walikuwa wanamkimbia kiwandani, unasimama pahala pamoja unarejea kitu kile kile kutwa nzima nani atakaa? Baada ya hapo wakakaa. Ila sehemu ya pesa ile ilikuwa na masharti, alikuwa na wakaguzi wanakwenda mpaka majumbani kwa watu kuangalia nani analewa na nani nyumba yake chafu. Kamera zako za jikoni zimenikumbusha wale wakaguzi. Ya ukumbini iache kwa usalama, ya jikoni itoe, na uwambie umeitoa.

Sasa hilo boksi. Umelitaja juu juu kama halina neno, mie ndo pahala nilipokaa sana. Meneja anagawa, sawa, anaehesabu nani? Mpishi anapata? Yule mama anaefua mashuka ambae mgeni hamuoni hata sura yake anapata? Meneja mwenyewe anachukua fungu gani? Inawezekana hajaiba hata shilingi lakini watu hawajui, na mtu akishahisi anadhulumiwa umpandishie mshahara mara ngapi sijui, atachukua na atanuna vile vile. Fungueni boksi kila wiki mbele ya watu, hesabu iandikwe kwenye karatasi ibandikwe ukutani, na kanuni ya kugawa wapange wenyewe, wewe usiwapangie. Siku ya kwanza utasikia makelele, waache wapige.

Balbu je? Kijana akiripoti, meneja lazima akupigie wewe, pengine uko mjini, unasema ntaleta fundi kesho, kesho inakuwa kesho kutwa, na mgeni anamfokea yule yule aliesema. Kwa hivo kajifunza kunyamaza, na mie ningenyamaza. Weka elfu hamsini pale mapokezi, mtu wa zamu anunue balbu, apeleke soda ya bure kwa mgeni aliechelewa kuhudumiwa, aandike kwenye daftari na abandike risiti basi. Wengine watazidisha kidogo, utaongea nao. Lakini akishapewa uamuzi, chumba kikiwa kiza ni aibu yake yeye sio ya kwako.

Zamu pia ziangalie, Idd mosi nani yuko kazini na nani anakula nyumbani wajue kabla Ramadhani haijamalizika sio usiku wa kuandama mwezi, na anaetoka saa tano usiku, anakaa Makunduchi, anarudi na gari gani?

Bonasi ya rivyuu siitaki kabisa. Waulize wenye mikarafuu Pemba, mchumaji unamlipa kwa alichochuma, atachuma kweli kweli, na matawi atakuvunjia kwa sababu tawi hulipii. Kwako wahudumu watawaganda wageni wawaandike majina, na mama wa mashuka hatotajwa maisha. Ukiwa na elfu kumi ya kutoa toa kwa wote mwezi ukiwa mzuri, na yule aliefanya jambo mwite kwa jina lake mbele ya wenzake useme alilolifanya ni lipi, sio "hongera kwa wote" ile ya kwenye grupu la WhatsApp.

SWALI: Shangazi mie nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Chake. Bosi kila siku anatwambia sisi familia moja tujitume, lakini mshahara wa mwisho wa mwezi unakuja tarehe 15, na mkataba sijawahi kuuona. Nijitume vipi?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Mwanangu, usijilaumu kwa kukosa hamu, hapo bado hatujafika kwenye hamu. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, mkataba na mshahara wa wakati ni haki yako, sio ihsani ya baba wa familia. Muombe mkataba kwa adabu na kwa maandishi, ubaki na kopi. Kisha pita ofisi ya ZSSF, ule Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, pale Pemba uulize kama umesajiliwa na michango yako inaingia, maana wengi hulijua hilo siku wanayoacha kazi. Akiendelea kukuzungusha nenda Kamisheni ya Kazi, na tarehe ulizolipwa ziandike kuanzia mwezi huu.