Kichwa kimekaa upande kwenye MRI: anza na alama za ubongo

Ndugu, nimekuelewa: mgonjwa aligeuza kichwa kwenye mashine ya MRI (inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku), na sasa huwezi kulinganisha kushoto na kulia kwenye kipande kimoja cha picha. Usizungushe picha kwa kukadiria kwa jicho. Kwenye 3D Slicer, programu ya kompyuta ya kuchambua picha za kitabibu, ipo moduli ya ACPC Transform inayonyoosha picha kwa kufuata alama za ubongo. Weka nukta kwenye komisura ya mbele na ya nyuma, yaani vifungu vidogo vya nyuzi vinavyounganisha nusu mbili za ubongo. Hizo mbili hazitoshi, kwani kichwa bado kinaweza kubiringika kuzunguka mstari unaoziunganisha, hivyo ongeza nukta kadhaa kwenye mstari wa kati wa ubongo, unaotenganisha nusu ya kushoto na ya kulia. Ziachanishe sana, zikikaribiana, kosa la milimita moja huzaa pembe kubwa.

Uvimbe au damu ikiwa imesukuma mstari huo, usiuamini. Tumia mifupa, mfano mifereji ya sikio la ndani pande zote mbili.

Zungusha na kusogeza tu, usibadili ukubwa. Tunza faili asili za DICOM (muundo wa kawaida wa faili za picha za kitabibu), na tafadhali hakikisha kushoto hakujawa kulia. Kama kuna uamuzi wa matibabu, daktari wa radiolojia asome picha asili, siyo hizi ulizonyoosha.